Ukoka wa Wageni

Jumatatu, 10 Februari 2025

Leo Madam Mectilda amesimama mstarini na mpira wa matambara mkononi. Mstari mzima ukacheka. Yeye akangoja tu, kama anavyongoja tukikosea jibu la Biology.

Akasema kuna shirika, lipo Babati, kazi yake ni kuhakikisha watoto wanacheza. Basi. Hakuna lingine.

Kenneth, Kaka Mkuu wetu, akanyoosha mkono. "Madam, wanatoa nini?"

"Hawatoi. Wanaomba."

Kicheko kingine. Sisi tumezoea mashirika yanayokuja na gari na madaftari. Shirika la kuomba hatujawahi kuliona.

Akaeleza. Wanaomba shule ziwasaidie. Sisi wakubwa tutengeneze vitu vya kuchezea – vingine vipelekwe wodi ya watoto hospitalini, vingine kwa watoto wa kijiji cha Yaeda Chini. Na kila Ijumaa, saa ya mwisho, watoto wa msingi waachiwe kiwanja. Wacheze wanachotaka wenyewe. Mwalimu asiamuru, asipange mistari, asipulize filimbi. Sisi wa sekondari tukae pembeni tu, kuangalia asiumie mtu.

"Sasa Madam," Kenneth tena, "kucheza nako kunataka shirika?"

"Wewe ulicheza lini mara ya mwisho?"

"Jana. Mpira."

"Bila refa? Bila jezi? Bila mtu wa kukufokea?"

Kenneth akanyamaza. Naandika ili nisije nikasahau: tarehe kumi Februari, Kenneth alinyamaza.

Naandika kwa Kiswahili. Kiingereza ni cha kujibia mitihani. Kiiraqw ni cha nyumbani, kila mtu anakisikia. Hiki cha kwenye karatasi kinabaki changu.

Alhamisi, 13 Februari

Baada ya vipindi tumekaa nyuma ya maabara tunatengeneza. Magari ya mabua yenye magurudumu ya kandambili zilizokatika. Wanasesere wa magunzi. Yohanes ametengeneza trekta, usukani unageuka kabisa. Wasichana wote wakaenda kulitazama. Hata mimi, ila kwa mbali.

Nimeshona mipira. Matambara ndani, soksi juu, kamba ya katani inazungushwa mpaka inang'ang'ana.

Madam akapita kuchagua watakaokaa pembeni siku ya Ijumaa. Akaniambia: "Marieta, wewe."

Kenneth akasema, "Huyu bubu wa kengele? Mtoto akivunjika mguu ataita msaada kwa vidole?"

Wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na mpira wangu.

Madam akasema, "Namtaka anayeweza kukaa kimya. Wewe huwezi hata nikikufunga mdomo kwa hii katani."

Maisha yangu yote ripoti zinasema: Marieta ajitahidi kuchangia darasani. Leo ndiyo mara ya kwanza nimechaguliwa kwa sababu ya kimya.

Hiyo ya kengele ni kweli. Shule yetu na ile ya msingi zimeshikana. Kiwanja kimoja, kengele moja. Kengele yenyewe ni ringi ya lori iliyoning'inia kwenye mti wa mgrivea karibu na ofisi, na anayeigonga kwa kipande cha nondo ni mimi, kwa shule zote mbili. Polepole, mara tatu: ingieni madarasani. Haraka, mfululizo: mapumziko. Ni cheo pekee ambacho hakimtaki mtu aongee, na nakipenda kuliko wanavyojua. Mtu ambaye hasikiki akiitika jina lake, lakini akinyanyua mkono watoto mia kadhaa wanainuka. Sijawahi kumwambia mtu hilo. Litafanana na majivuno.

Ijumaa, 14 Februari

Nataka kuandika yote kabla hayajapoa.

Saa ya mwisho nikagonga ya haraka. Watoto wa msingi wakatoka – halafu wakasimama. Wote. Wakapanga mstari wenyewe. Wakatutazama. Kitoto kimoja cha darasa la pili kikaja kikaniamkia, shikamoo dada, kikauliza: tucheze nini?

Nikasema sijui.

Kikasema: sasa nani anajua?

Nikasema hakuna.

Kikarudi kwa wenzake na hiyo habari. Niliona inavyotembea kutoka mdomo hadi mdomo, kama moto kwenye nyasi kavu. Hakuna anayejua! Kisha kiwanja kikapasuka.

Rede upande wa nguzo, wa pembeni wanalenga kwa mpira, wa katikati anakwepa. Wengine kamba. Wengine wamechimba shimo wanacheza mdako, kokoto juu, kokoto chini, mikono inakimbia huwezi kuifuata kwa macho. Mdogo wangu Helena, yuko darasa la kwanza, amekusanya kundi lake, wakawa fisi na mbuzi. Ila mbuzi ndio wanafukuza fisi. Nilitaka kwenda kumwambia umekosea Helena, kisha nikakumbuka mimi ni wa pembeni. Wakaanguka, wakaamka. Mmoja akalia, akanyamaza mwenyewe alipoona kilio kinampotezea muda.

Wa darasa la tatu wakaniita tucheze mdako. Nikakataa. Wakaniita tena. Nikacheza. Nina miaka kumi na sita, Form Three, nimepiga magoti kwenye vumbi nimeshindwa na mtoto mwenye pengo. Akaniambia: "Dada usijali, utazoea."

Halafu ikabidi nigonge ya kurudi. Tatu, polepole. Kiwanja kizima kikaguna. Njiani kwenda nyumbani Helena hakunishika mkono. Mpaka tulipofika kwenye shamba la vitunguu swaumu la kina Margwe ndipo akasema: "Si ungechelewa kidogo tu."

Jumatano, 19 Februari

Mkuu amepigiwa simu. Mwalimu Cyprian, Mkuu wetu wa Shule. Shirika litakuja tarehe saba Machi kuona watoto wanavyocheza, na watafuatana na mgeni rasmi kutoka wilayani. Alitoka ofisini amevaa koti. Kulikuwa na joto lakini alivaa koti.

Si mtu mbaya. Nataka niwe mkweli hapa angalau. Ametoka Kagera miaka mingi iliyopita, anatufundisha History, anajua majina yetu yote na ya mama zetu. Ana sheria moja ninayoipenda: mwanafunzi anayeandika hakatizwi. Hata kengele ya mwisho ya mtihani ikilia, ukiwa katikati ya sentensi, Mkuu anasimama mbele ya dawati na mikono nyuma mpaka uweke nukta. Anasema yeye aliwahi kunyang'anywa karatasi katikati ya sentensi na mpaka leo inamwasha.

Mstarini akatangaza. Kiwanja cha vumbi ni aibu. Kila mwanafunzi, wa msingi na sekondari, kesho aje na ukoka, wenye mizizi. Tutapanda. Wageni wakute kijani.

Mwalimu Rahel, Mwalimu Mkuu wa msingi, ni mgeni kwenye cheo. Akasema ndiyo Mkuu, kabla Mkuu hajamaliza.

Helena amefurahi. Anadhani ukoka ni wa kuchezea.

Jumatatu, 24 Februari

Tumepanda kiwanja kizima. Wengine wamebeba ukoka kutoka bondeni mtoni, kwenye viroba, kichwani. Mistari imenyooka. Tukamwagilia, ingawa mvua zenyewe zipo.

Halafu Mkuu akaagiza miiba. Matawi ya migunga yakaletwa kwa mkokoteni wa maksai, tukazungushia kiwanja chote. Ubao: USIKANYAGE. Mpaka tarehe saba.

Saa ya Ijumaa imeahirishwa. Ijumaa ile ya pili mvua ilituharibia, tukasema basi, tutafidia. Sasa hakuna cha kufidia.

Mgrivea wangu uko dirishani kwa ofisi. Sikusikiliza makusudi. Au nilisikiliza. Madam alikuwa amesimama.

"Mkuu, hawa watu wanakuja kuona watoto wanacheza. Hawana kingine wanachokuja kuona."

"Na wataona. Nimepanga waone."

"Kwenye kiwanja kisichokanyagwa?"

"Siku hiyo kitakanyagwa. Kwa utaratibu."

"Kucheza kwa utaratibu ni paredi, Mkuu."

Nikasikia kiti kinasogezwa. Kisha Mkuu, si kwa hasira. "Madam Mectilda. Mwaka juzi walikuja wageni wengine bila taarifa. Wakakuta watoto wametapakaa kama kuku, matope hadi masikioni. Wakapiga picha. Zile picha zilifika kwenye kikao cha wakuu wa shule, wilayani, ukutani, kubwa hivi. Watu wakacheka. Mimi nimekaa pale nimevaa tai. Haitatokea tena."

"Lakini kwenye matope yale walikuwa wanacheza."

"Mimi sikucheza. Nilichunga ng'ombe wa watu, na leo ni Mkuu wa Shule. Kama taratibu zangu hazikufai, fomu za uhamisho zipo."

Madam akatoka. Akaniona nimeshika nondo. Akasema, "Saa imefika?" Nikatikisa kichwa kwamba bado. Akasema, "Basi ngoja saa yake," akaenda darasani.

Madam akihama, nani mwingine atanichagua kwa sababu najua kunyamaza? Naona haya kwamba hilo ndilo nililofikiria kwanza.

Ijumaa, 28 Februari

Leo wamechaguliwa watakaocheza.

Narudia kuandika maana ukilisema kwa mdomo linapita: wamechaguliwa watakaocheza. Arobaini. Wenye viatu, au wanaoweza kuazima. Sare isiyopauka. Waliobaki siku hiyo watakuwa madarasani, milango imefungwa, wanasoma kimya.

Mazoezi ni kwenye barabara mbele ya ofisi, maana ukoka unaota. Sir Reginald, mwalimu wa zamu, ana filimbi. Piii – wanaingia kwa mistari miwili. Piii – wa kulia wanarusha mpira. Piii – wa kushoto wanaruka kamba. "Chekeni! Mbona mnacheka kama mnaumwa tumbo? Tena!" Watoto wakacheka tena. Nilikuwa nimesimama na nondo yangu na nikahisi baridi.

Helena alichaguliwa kwa viatu vya binamu. Akatolewa kabla ya saa kwisha. Alirusha mpira, akaufuata. Sir Reginald akasema mpira unarushwa, haufuatwi. Helena akasema, "Sasa nani ataurudisha?" Akatolewa kwa ubishi.

Na kuna hili, nilitaka kuliruka. Mkuu aliniita kabla ya mapumziko. Akasema mpaka wageni waje, mapumziko ya madarasa ya chini yamefutwa, wakitoka wanasogea kwenye miiba, wanakanyaga kingo. "Ile ya haraka usigonge, Marieta. Wa sekondari nitawatoa kwa mdomo."

Nikasema ndiyo Mkuu. Kama Mwalimu Rahel tu.

Sikugonga. Saa ikafika, ikapita. Kutoka kwenye mgrivea unaona dirisha la darasa la kwanza. Vichwa vyote vimegeukia kwangu. Si kwa mwalimu. Kwangu. Wanangoja mkono wangu.

Niliangalia chini mpaka wakachoka.

Jumatano, 5 Machi

Tumepakwa majivu asubuhi. Padri ametukumbusha sisi ni mavumbi. Helena akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kama sisi ni vumbi, mbona Mkuu hapendi vumbi?" Nilijibana nisicheke, kikohozi kikatoka.

Mchana hakukuwa na mchezo. Ile mipira yetu ya matambara, ambayo haikwenda hospitalini, imefungiwa stoo mpaka wageni waje. Helena aliuona mmoja umebaki katikati ya kiwanja, tangu uliporushwa siku ya mazoezi, kwenye ukoka. Akaingia. Bila viatu, maana vilisharudi kwa binamu.

Mwiba uliingia unyayoni mpaka karibu na kisigino. Sir Reginald akamtoa na kumpigisha magoti mbele ya ubao wa USIKANYAGE, mguu unatoka damu, kwa sababu amekanyaga. Alipoiona ile damu akashtuka, akamnyanyua mwenyewe, akamleta kwangu. "Mpeleke nyumbani, dada yake." Hakuweza kunitazama.

Nikambeba mgongoni. Mama akautoa mwiba kwa sindano, akauweka kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Mrefu. Mweusi nchani.

Nikamwambia Mama nenda shuleni ukaseme. Mama akasema, "Nikaseme nini? Kwamba mtoto wangu aliambiwa asipite akapita?" Akakaa. Akageuza kile kifuniko: "Lakini kuleta ukoka tumeleta. Nilifikiri ni watoto watakaoukalia."

Helena hakulia. Alikuwa anafikiri. Halafu akauliza, kama anauliza chumvi iko wapi: "Dada, ukigonga ile ya haraka, tutakuwa tumeruhusiwa?"

Nikasema ile sijaruhusiwa kuigonga.

"Sikuulizi hiyo. Nauliza ukigonga."

Alhamisi, 6 Machi

Gwaride la mwisho. Tarumbeta limeazimwa kanisani. Mkuu amenipa maelekezo mbele ya wote: kesho risala ikiisha atanitikisia kichwa, nigonge tatu, polepole, wale arobaini waingie. Kazi yangu ni hiyo tu.

Kenneth akasema, "Bubu, usije ukalia tu mbele ya mgeni rasmi."

Madam alikuwa amekaa peke yake kwenye ngazi za maabara, anafunga trekta la Yohanes kwenye boksi. Nilitaka kumwambia kitu. Nikamwambia shikamoo. Akasema marahaba, mguu wa Helena unaendeleaje. Nikasema anatembea. Akasema, "Anakimbia?"

Nikasema bado.

Nimejua nitafanya nini. Sikiandiki. Nikikiandika nitakiona jinsi kilivyo kikubwa, nitaacha.

Ijumaa, 7 Machi – asubuhi

Ukungu. Ukisimama kwenye mgrivea huioni bendera. Mgonga kengele hufika kabla ya wote, hakuna wa kumuuliza anafanya nini.

Nimetoa miiba. Upande wote wa madarasa ya chini, mpaka kona ya choo. Nimeiburuta tawi kwa tawi nyuma ya jiko la shule na kukagua chini kwa viganja, isibaki hata mmoja. Upande wa meza kuu nimeuacha, unaonekana vizuri. Umezungushiwa, umependeza.

Viganja vimechanika. Damu imeshika ukurasa. Siifuti.

Kama mtu aliniona, ukungu ndio unajua.

Ijumaa hiyohiyo – kwenye benchi nje ya ofisi

Naandika haraka. Niandike kwa mpangilio.

Wageni walichelewa. Arobaini walisimama juani mpaka soksi zikawashuka. Mgeni rasmi ni mama mmoja mnene mwenye mwavuli na sauti ya upole. Wa shirika anaitwa Michael, kijana, mwembamba, akasalimia walimu wote shikamoo hata wa umri wake. Alitaka kukaa kwenye nyasi akazuiwa, akapewa kiti chenye kitambaa.

Kenneth akasoma risala. Watoto wetu hucheza kila siku kwa furaha na amani. Alisoma vizuri. Kwenye "kila siku" sauti ilimshuka kidogo. Nilisikia. Mimi husikia.

Michael akauliza, "Na hawa je?" Akaonyesha madirisha. Nyuso zimebandikwa kwenye vioo kama maboga.

Mkuu akasema, "Hao wanasoma. Shule yetu inathamini taaluma."

Madam Mectilda alikuwa amesimama nyuma ya viti. Akasema, kwa adabu kabisa, "Hao ndio wenye kiwanja." Mgeni rasmi akageuka kumtazama. Mkuu akacheka, akasema Madam ana utani, na akanitikisia kichwa. Tatu. Polepole.

Nikanyanyua nondo. Watu wote wakanitazama, kitu ninachokichukia kuliko kuumwa meno. Nikamtafuta Helena dirishani. Yeye hakuwa anaangalia wageni. Alikuwa anaangalia mkono wangu.

Nikagonga ile ya haraka.

Niligonga mpaka ringi ikazunguka kwenye mnyororo wake. Niligonga ya leo, na ya Ijumaa ile niliyoangalia chini, na ya siku zote za katikati.

Mwanzoni hakukutokea kitu. Kisha mlango wa darasa la kwanza. Kisha yote. Mwalimu Rahel alinyoosha mikono kama anazuia ndama, wakapita chini ya mikono. Wakafika mahali pa miiba, wakasita, wakaona hakuna, wakaingia. Wakatawanyika juu ya ukoka kama maji ya mtaro uliozibuliwa. Mtu akavunja – hapana, Yohanes akafungua stoo, alikuwa na ufunguo – mipira yetu ikatoka. Na wa sekondari wakatoka, kengele ni moja.

Wale arobaini walibaki kwenye mistari yao wanamtazama Sir Reginald. Filimbi ilikuwa mdomoni. Hakuipuliza. Nafikiri aliona Helena akipita anachechemea. Msichana mmoja akavua viatu vya kuazima, akavipanga pamoja vizuri, akaondoka. Halafu wote wakaanza kuvua.

Mgeni rasmi akapiga makofi. Alidhani ndiyo ratiba.

Hiyo ndiyo iliyomkwamisha Mkuu, asingeweza kufoka. Akaja kwangu anatabasamu, meno yote. Akasema kwa sauti ya chini: "Marieta. Gonga ya kurudi. Sasa hivi."

Nikaitia nondo ndani ya sweta.

"Nipe hicho chuma."

Nikasema, "Hapana, Mkuu." Hapana yangu ya kwanza kwa mtu mzima tangu nizaliwe. Halafu hofu ikanijaa na mdomo ukamalizia wenyewe: "Shikamoo."

Akakwama. Shikamoo haiachwi hewani, hata na adui. Nilimwona anaitafuta njia ya kuikwepa akaikosa.

"Marahaba," akasema. Kisha: "Benchi. Nje ya ofisi."

Kwa hiyo niko hapa. Alimtuma Kenneth agonge ringi kwa jiwe. Tok. Tok. Tok. Hakuna hata mtoto mmoja aliyegeuka, hiyo sio kengele, ni jiwe. Kenneth akapita hapa, akaniangalia tumbo lilipotuna. Nilidhani atainyang'anya. Akasema, "Bubu, una wazimu," lakini alisema kwa heshima fulani. Akaenda kumwambia Mkuu ringi imegoma. Sasa namwona yuko katikati ya rede, wasichana wa darasa la tatu wanamlenga kutoka pande zote. Wanampata kila mara. Hakuna refa.

Michael ameondoka kwenye kiti chake. Amekaa chini pembeni, mikono magotini, hasemi kitu. Madam amesimama upande wa pili, kimya, mikono nyuma. Hajaja kwangu. Alinitazama mara moja, basi, kisha akarudisha macho kwa watoto, kama alivyotufundisha.

Ukoka haupo. Kijani kimegeuka matope na mizizi. Helena anatambaa kwa magoti, bandeji imefunguka inamfuata kama mkia. Ni fisi. Mbuzi wanamfukuza.

Wingu limekuja kutoka upande wa mlima Hanang. Matone yameanza. Mgeni rasmi amefungua mwavuli. Hakuna aliyeingia ndani.

Mkuu ametoka. Amesimama karibu na benchi, koti limeloa mabegani. Anatazama kiwanja, sio mimi.

Amesema: "Wakiugua ni juu yako."

Nimesema sawa, Mkuu.

"Jumatatu uje na mzazi."

Sawa, Mkuu.

"Na kengele umeiacha kuanzia leo."

Hiyo sikuweza kusema sawa. Nimeinama nikaendelea kuandika.

Amenyoosha mkono mbele yangu, kiganja juu. Mvua inadondokea humo. Anataka chuma. Lakini hakinyang'anyi, na hasemi, na nimejua kwa nini: nimeshika kalamu. Anangoja niweke nukta. Helena amesimama katikati ya matope ananitazama, ameweka kidole gumba na cha shahada karibu karibu, kidogo tu dada, kidogo tu, na mimi nondo imeshapata joto la tumbo langu na ukurasa unaloa na wino unatembea lakini mkono bado unaandika na Mkuu bado anangoja na sitaweka nukta, naongeza neno, naongeza lingine, watoto wako kiwanjani na sentensi hii haijaisha na